Nani Aliyekuwa Akiangaliwa Bustanini?

Jumamosi. Joto limepungua, upepo wa bahari unapita, na mie nna aibu ya kutosha watu kumi.

Asubuhi Mama kaamka kanambia twende Maskati, tukatembee zile nyumba kongwe za wafanyabiashara zilizo ukingoni mwa maji. Mama! Tangu Baba afariki, miaka minane sasa, hata sokoni hatoki mpaka abembelezwe. Tena kajipaka wanja. Tena Mamdogo Zuwena, mdogo wake, kaja kutuchukua na gari lake, mtamu kama halua. Machale yakanicheza papo hapo.

Nilijua wananipeleka kuangaliwa.

Nna miaka thelathini na moja, sijaolewa, na Mamdogo ashanifanyia mchezo huu mara mbili. Mara ya pili ilikuwa hospitali, wallahi. Nimekwenda kumtazama mgonjwa, kumbe mgonjwa ana mtoto wa kiume. Basi leo nikavaa abaya yangu kuukuu makusudi, nikanyamaza.

Na kweli. Kufika nyumba ya kwanza, kwenye baraza inayotazama maji, ati kwa bahati tukakutana na watu: mzee mmoja mpole, Ami Said, na mwanawe, mrefu, nadhifu, kashika funguo za gari. Bahati gani hiyo? Mamdogo hata kujifanya kashtuka hakujua.

Nikaamua kuwaharibia.

Pazuri pale, siwezi kukanusha. Milango ya kuchonga, bustani ya mikomamanga na yasmini, na kijifereji cha maji kinapita katikati ya miti. Sikufaidi hata kimoja. Muda wote namtupia jicho la pembeni yule kijana, na yeye yuko kwenye simu yake. Nikasema, huyu anajifanya hamnazo.

Ajabu, maswali yote yakatoka kwa mzee. Nafanya kazi wapi. Nyumbani nani anapika. Kama napenda wageni. Lo, baba mkwe mpekuzi huyo! Nikamjibu mkato mkato. Alipotutilia kahawa kwa mkono wake, kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, nikakiacha kikombe changu kikapoa. Mwisho akaniuliza taratibu kama hatuoni upweke, nyumba kubwa ile, watu wawili tu.

"Tushazoea," nikamwambia. "Mtu mwengine atatubana."

Akainama akaokota komamanga lililoanguka, akaliweka juu ya ukuta. Mama akageuka akatazama maji.

Garini nikajisifu. Nikamwambia Mamdogo, "Kamwambieni huyo kijana akatafute kwengine."

Mamdogo akasimamisha gari pembeni. "Kijana gani? Yule ana mke na watoto watatu, kaja kumwendesha babake tu!" Akanigeukia. "Ami Said kamposa mama yako. Na mama yako kamwambia hakubali mpaka wewe umuone, umridhie. Mzee wa watu jana hakulala kwa kukuogopa wewe."

Kumbe mimi ndiye niliyeletwa kuangalia.

Sikuwa na pa kuuficha uso. Nyuma Mama kaushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili, mpaka tunafika.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alivua abaya yake mpya, akakaa kitandani, akasema, "Usijali, mwanangu. Ntamjibu kuwa haikuandikwa."

Nami niandike ukweli, maana hapa simdanganyi mtu. Aliposema vile, kwa dakika moja nilifurahi. Nilimtaka Mama abaki wangu peke yangu. Nimeshuku kila mtu leo, isipokuwa nafsi yangu, na ndiyo iliyokuwa na hila.

Simu yake ilikuwa juu ya mto. Nikaichukua. "Usimjibu hivyo," nikamwambia, nikampigia Ami Said pale pale mbele yake.

Akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Naam, Bi Raya?"

Nikakaa kitandani kando ya Mama.

"Si yeye, Ami. Ni mimi."