Mlingoti wa Mashua ya Baba

Kaka,

Sisi wazima, na mlingoti mpya wa mashua ya baba umefika. Nilikungoja wewe na lori lako kutwa nzima kwa seremala, simu yako ikiita tu. Mwishowe niliondoka nao peke yangu.

Kondakta wa basi aliufunga juu ya paa, akavua koti lake ili usichubuke. Basi lilipoharibika njiani, gari la wafiwa likanipakia. Mjane alisogeza miguu, mlingoti ukalala kando ya jeneza la mumewe. Nilipomwomba radhi alisema, "Weka tu, mwanangu. Huyu hana haraka tena." Watu nisiowajua hata kwa sura, kaka!

Baba, ambaye sasa haoni kabisa, aliupapasa kutoka shina hadi ncha. Kisha, akidhani umeuleta wewe kwa lori lako, akacheka akiwaambia majirani, "Mnaona? Mwanangu wa kiume hakunitupa. Ameniletea mlingoti." Nilifungua mdomo, nikaufunga. Tangu mama afariki sijamwona akicheka vile.

Atakapokushukuru, nyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Ila kwangu usije ukitafuta dada.

Ni mimi,
binti wa baba yako