Kadi ya Picha Imebaki Kisondela

Lusajo rafiki yangu,

Nimeiwasha leo mchana. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, salamu ungeziruka. Feni zote tatu zimezunguka, na ile taa ndogo ya mazabodi, bodi kuu ya kompyuta yetu, imewaka bila kupepesa. Skrini ndiyo iliyobaki nyeusi. Imeandika kwamba haipati kitu, ikasubiri kidogo, ikalala.

Nilikuwa nimekaa mbele yake hapa steshenari, bisibisi mkononi, mvua inapiga bati, nikalia. Sikulia kistaarabu. Mama mmoja alikuja kutoa kopi ya cheti cha mtoto, akanitazama, akarudisha cheti kwenye mfuko wa nailoni na kuondoka taratibu. Sikumwita. Tangu uende, wateja wamezoea kunikuta hivi, na wengine siku hizi wanapitiliza moja kwa moja hadi kule juu stendi.

Orodha yetu ya vifaa bado ipo. Ile kalenda kuukuu tuliyoandika mgongoni mwake, sijaitoa pale karibu na mashine ya kopi. Maneno yako yamejaa kotekote, yangu yako pembeni, na mishale yako inakata yangu. Mtu asiyejua angedhani tulikuwa tunapanga kujenga kanisa. Kumbe tulikuwa tumechoka tu kucheza mpira kwenye kompyuta ya kazini, ambayo golikipa wake alikuwa akiruka wakati mpira umeshalala wavuni. Ulikuwa ukimhurumia yule golikipa. Ulisema kosa si lake, ni la mashine.

Hatukutaka makubwa. Zile kompyuta za kwenye video, zinazometameta taa kama harusi, tulizitazama na kuziacha hukohuko. Sisi tulitaka ya kati, inayocheza vizuri bila kutuacha na njaa, kwa hiyo kila kifaa kilipita kwenye ugomvi. Ulishikilia pawa saplai nzuri, mimi nikasema hilo ni boksi la umeme tu, tununue yoyote. Ukanionyesha balbu yetu inavyofifia kila mvua inapoanza, ukaniuliza kama ningependa kuzika kompyuta nzima kwa ajili ya ubahili. RAM ulitaka vipande viwili badala ya kimoja kikubwa. Skrini ulikubali iwe ya mtumba, diski ulikataa katakata. Karibu yote ulikuwa sahihi.

Na kanuni yetu unaikumbuka. Anayeshindwa kwenye ubishi anasema "umeshinda", kwa sauti, hata kama kuna mteja, halafu ananunua chapati. Wewe ulilisema neno hilo kila uliposhindwa, tena ukicheka. Mimi nilinunua chapati. Neno sikulisema hata siku moja, na ulikuwa ukinitania kwamba utalisikia siku nikizeeka na kusahau nabishania nini.

Halafu ukaja ubishi wa prosesa, ubongo wa mashine.

Wewe ulitaka ile yenye uwezo wa kutoa picha yenyewe. Ulisema kadi ya picha ndiyo ghali kuliko vyote, itakuja mwisho, sasa kwa nini mashine ikae kimya miezi yote hiyo? Tuiwashe hivyohivyo, tucheze vijigemu vidogo, kadi ikija tunaichomeka. Mimi nikang'ang'ana na ile isiyotoa picha kabisa, kwa sababu ilikuwa na nguvu zaidi na bei yake ilikuwa chini, na kilichobaki kingeenda kwenye kadi iliyo bora. Nilikuchorea mpaka michoro. Ukanisikiliza, ukasema "umeshinda", ukaenda kununua chapati.

Kwa hiyo tukawa na kompyuta ambayo haiwezi kuonyesha chochote mpaka kadi ifike. Vifaa vilikuja na basi kimoja kimoja, na kila kilichofika ulikifungua, ukakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, ukakirudisha kwenye boksi lake pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu. Ulisema ukungu wa Tukuyu unaingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa, kwa hiyo hakuna kinachokaa nje mpaka siku ya kuunganisha. Maboksi ukayapanga chini ya kitanda chako kwa mama, makubwa chini, madogo juu.

Miguu yako ilikuwa imeshaanza kuvimba. Uliniambia ni viatu. Nami nikaamini, Lusajo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Kadi ilifika ukiwa wodini. Nilikuletea ikiwa na utepe wake wa dukani, nikidhani itakupa nguvu, na kweli ulikaa kitandani bila kusaidiwa. Shangazi yako Tusekile, aliyekuwa akikuuguza, alisogeza chupa ya chai ili upate pa kuiweka, lakini hukuiweka. Uliipakata. Ndipo uliposema, bila hasira, unatabasamu kabisa, "Ingekuwa ile prosesa yangu, tungekuwa tumeshacheza." Mimi nikajibu nini? Nikasema ukitoka utaona tofauti yake.

Lilikuwa neno moja tu. Ningelisema hapo, mbele ya shangazi na wagonjwa wenzako, ungelicheka mpaka nesi aje. Badala yake nilikuahidi kwamba utaiona ikiwaka. Ukaniambia nisiunganishe chochote bila wewe. Siku uliyofariki nilikuwa nachapa mitihani ya shule, mashine inapiga kelele, na simu ya shangazi ililia mara mbili kabla sijaisikia.

Tumekulaza nyuma ya nyumba, kwenye migomba, upande ule unaotazama bondeni. Mama alitaka uwe karibu. Watu walikuwa wengi, ungeona aibu.

Sasa nikueleze la kugawa vitu, maana hili ungelicheka halafu ungekasirika. Wazee walipokaa kumaliza msiba walitoa vitu vyako vyote uani na kuvipanga juu ya mkeka. Nguo, viatu, redio, na yale maboksi. Kwa kuwa ulikuwa umeyatunza vizuri hivyo, kila boksi na picha yake na utepe wake, wao waliona mali nyingi mbalimbali. Nani angewaambia kwamba ni kitu kimoja? Mimi ningewaambia. Nilikuwa pale, kwenye benchi la majirani. Lakini rafiki hana kauli kwenye shughuli hiyo, na nilijua wangeuliza nani alinunua kipi, nami nionekane nimekuja kudai kwenye mkeka wa marehemu. Nikanyamaza. Nikatazama kompyuta yetu ikigawanyika mbele ya macho yangu, kila mtu akipokea kipande chake kwa mikono miwili na kushukuru.

Mama alipewa lile kasha lenye kioo la kuwekea mashine yote na boksi la mazabodi, na vitu vidogo vilivyokuwa pamoja nalo. Baba mdogo wako wa Kiwira akapata skrini na pawa saplai. Shangazi Tusekile, kwa kuwa alikuuguza, alipewa vilivyorudi kutoka hospitali: blanketi, chupa ya chai, na kadi.

Nilikaa na hilo wiki nyingi. Halafu nikasema nilikuahidi, basi nitavikusanya.

Kwa mama nilikuta kasha limesimamishwa mezani, vikombe vyake vya wageni vimepangwa ndani, nyuma ya kioo. Amelifanya kabati. Yeye mwenyewe akauliza kama ndilo nililofuata, akavitoa vikombe kimoja kimoja akivifuta na kanga, akanipa pamoja na boksi la mazabodi na vile vidogo vyote, prosesa ikiwemo. Nimemnunulia kabati dogo la mbao. Analitumia, lakini nadhani alilipenda lile lako.

Baba mdogo hakusumbua. Alikuwa amejaribu kuchajia redio kwa ile pawa saplai, akaona imegoma, akahitimisha kwamba ni mbovu. Nilipomweleza kwamba vile vyote ni viungo vya mashine moja, alishika kichwa, akaketi kwenye ngazi ya nyumba. Akasema, "Sasa mbona mlituacha tukamkatakate mtoto?" Skrini aliibeba mwenyewe begani mpaka barabarani.

Ikabaki Kisondela.

Nilikwenda jana. Bodaboda aliniacha chini kwa sababu kile kilima kilikuwa tope tupu, nikapanda kwa miguu katikati ya miparachichi. Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Amekonda, Lusajo. Alinikaribisha, akanisemesha Kinyakyusa akidhani ni wewe kwa sekunde moja, halafu akakatiza na kunipa kiti. Nilikuwa nimejiandaa na maelezo njia nzima. Nilimweleza polepole, kwamba vifaa vya kompyuta vimeshapatikana, kimekosekana kimoja tu, na bila hicho haiwezi kuonyesha picha.

Aliingia ndani, akatoka na boksi limefungwa kwenye kitenge. Akaliweka mapajani, kama wewe.

"Alilala nalo mpaka siku ile," akasema. "Ukilichukua, mimi nabaki na blanketi, na blanketi nimeshalifua. Lakini kama ni lenu, lichukue, mwanangu. Ndaga."

Akanishukuru, unasikia? Mimi ndiye niliyekwenda kumnyang'anya.

Nikafungua kitenge. Utepe wa dukani ulikuwa bado mzima, haukuwa umeguswa. Na juu yake ulikuwa umeandika kwa kalamu ya nesi, mwandiko wako ukitetemeka: *Isifunguliwe mpaka tuwe wawili.*

Sikujua kwamba uliandika. Shangazi hajui kusoma, akaniuliza pale pana nini. Nikamwambia ni majina yetu. Nisamehe kwa uongo huo, sikuweza kuyatamka yale mengine. Nikalifunga tena kwenye kitenge, fundo lilelile, nikalirudisha mapajani mwake. Nikamwambia nimekosea, hiki si kile ninachokitafuta. Hakuniamini. Alinishika mkono akakaa hivyo mpaka ndizi zikabadilika rangi kwenye sufuria.

Leo nimeunganisha vilivyopo, ingawa ulinikataza. Nilijua haitatoa picha. Hakuna anayejua kuliko mimi, maana prosesa niliichagua mwenyewe. Nimeiwasha hivyohivyo, kama mtu anayepiga simu akijua haitapokelewa. Na imenijibu kwa feni.

Najua utasema nitafute kadi nyingine, ziko nyingi. Ningeweza. Lakini hiyo picha ya kwanza niitazame na nani? Nilikuwa nataka kuona uso wako ikiwaka, sikuwa nataka kuona mpira. Watu wananiambia nitazoea. Sitaki kuzoea, na pia sijui niishi vipi bila kuzoea, kwa hiyo nafungua duka asubuhi, natoa kopi, nafunga. Kiti chako nimekigeuza kitazame ukutani. Chapati sinunui tena.

Wodini ulikuwa na siku za kutosha kuiona ikiwaka. Ingekuwa prosesa yako, mashine ingekuwa imeshaunganishwa kabla hujalazwa, tungeichomeka skrini pale juu ya kabati la dawa, tucheze kigemu chochote cha kijinga, ufurahi hata nusu saa. Nilikunyima nusu saa hiyo kwa sababu ya namba za bei na nguvu kwenye kalenda ile. Hili ndilo ninaloamka nalo.

Pumzika, ndugu yangu. Mama nitamtembelea kila Jumapili baada ya ibada, na shangazi nitampelekea sukari kila mwezi, sitaligusa lile boksi, na akitangulia yeye nitawaomba wazee mbele ya mkeka, kwa sauti, waliache na utepe wake. Safari hii sitanyamaza. Kompyuta nitaifuta vumbi, na kila mwaka, siku kama ile uliyoondoka, nitaiwasha, niisikilize, niizime.

Mteja amesimama mlangoni, nadhani ni yule mama wa cheti. Amerudi. Nitainuka nimhudumie, lakini kwanza nalisema, kwa sauti, na yeye anasikia:

Umeshinda, Lusajo.

Wako,
Ipyana