Vidonge vya Jioni

Kwa jina la Mola Mwenye kurehemu. Mjukuu wangu mpenzi, salamu za amani zikufikie hapo kwa shangazi yako. Sisi tu wazima, na bati la jikoni limekwisha zibwa.

Uliniuliza usome stashahada ya famasia chuo cha hapa karibu, au urudie mtihani wa kemia ili uingie chuo kikuu, mbali na hapa. Nikakujibu upesi: cha karibu. Tangu siku hiyo situlii. Hata katika sala napoteza hesabu ya rakaa.

Juzi alfajiri nilimeza vidonge vya jioni, nikaanguka mlangoni. Nilipomsimulia mfamasia wa mtaani, akaniuliza, "Babu, nani alikuwa anakupangia dawa?"

"Mjukuu wangu," nikasema, nikamweleza na jibu nililokupa.

"Ndiyo maana hutaki aende mbali. Wewe mzee unatafuta mfamasia wa nyumba moja."

Akacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa alisema kweli.

Jibu lile nalifuta. Rudia kemia. Vidonge nimevipanga mwenyewe: vya asubuhi kikombe cheupe, vya jioni chekundu.

Mola akufungulie njia, na aijaze rehema nyumba uliyomo na wote waliomo.

Babu yako