Shamba Langu Halijaachwa

Ibra

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute miguu imepungua uvimbe na unapanda ngazi mwenyewe. Mimi sijambo, tena sana, ila naandika na matope mikononi, kwa hiyo ukiona madoa usidhani ni chai.

Barua yako nimeisoma. Unasema nichukue malipo ya serikali, nifunge mlango, nirudi Unguja. Nilicheka, halafu nikakasirika.

Mvua zimetukataa huku Ibra kwa Waarabu, na maji ya falaji, huu mfereji unaonywesha mashamba ya mtaa mzima, yamepungua. Serikali inamlipa mwenye shamba atakayekubali kuacha kulima kwa muda, maji yapumzike. Sina ugomvi na hilo. Majani ya ng'ombe, yanayokunywa kupita kiasi, niliyang'oa kabla hawajasema. Lakini mtende ukikosa maji haupumziki, unakufa. Na shamba hili marehemu mume wangu Said alinipa mahari, wewe ulikuwapo.

Shemeji Nasor, nduguye marehemu, akanusa pesa. Akaenda ofisini akasema shamba limeachwa, mjane hana nguvu, msimamizi ni yeye. Akamwambia na mgawaji maji kwamba zamu yangu apewe jirani. Nimezipata habari kwa mke wa jirani huyo, maana kinywa chake hakina kufuli.

Alasiri ya zamu yangu nikabeba jembe mpaka kwenye falaji. Wanaume wamekaa na kahawa yao. Nikapandisha suruali, nikaingia majini, nikang'oa jiwe na matambara yaliyoziba njia ya kwangu.

"Ya Salma, aibu hii!" akasema mgawaji maji. "Nasor kasema khalas, zamu yako imekwisha."

"Nasor hakuolewa kwa shamba hili," nikamjibu. "Nimeolewa mimi."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Maji yakaingia shambani.

Sijamaliza kunywesha, gari hilo. Nasor kamleta kijana wa ofisini aje kukagua ardhi iliyoachwa. Mama wa kijana katoka Bujumbura, na Kiswahili alichomrithisha ungecheka.

"Mama, shamba hii imeachwa?"

"Ingia, mwanangu. Viatu vyako vitakujibu."

Akaingia, vikazama. Akamtazama Nasor, Nasor akatazama gari. Kijana akasema basi, malipo hakuna. Nikamwambia sijaomba. Ndipo akanieleza kwamba anayeendelea kulima husaidiwa mabomba ya kudondosha maji shinani, yasipotee njiani. Huo msaada nitauomba, kwa jina langu, kwa Kiarabu changu hiki hiki cha kuvunjika.

Usidhani siogopi. Mvua zikizidi kutukataa, nitabaki na mitende mikavu na shemeji asiyeitikia salamu. Lakini nilishaondolewa nyumbani mara moja, nilipoozwa huku, Dada, na hakuna aliyeniuliza. Mara hii nimeulizwa, na jibu langu ni kwamba sitoki.

Msalimie mumeo, fundi wetu wa cherehani, na Mama Mdogo, mwambie tende zake zitakuja zikiiva. Msalimie na Rehema, binti wa marehemu kaka yetu, na hapa nisikilize vizuri. Kile chumba changu unachokifagia kila Ijumaa, mpe yeye na mwanawe. Mimi nikija, nitandikie sebuleni, kama mgeni.

Mdogo wako,
Salma, mwenye shamba