Pikipiki Iliyofaulu Ukaguzi

Mjukuu wangu Festo,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia, nami nimefurahi. Huku milimani tu wazima, baridi tu. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na maharage yameiva.

Unauliza kama pikipiki uliyoachiwa na babu yako Pius, kaka yangu, inaaminika, maana imefaulu ukaguzi huko mjini: breki, taa, honi, vyote sawa.

Hata siku ile ninayotaka kukusimulia ilikuwa imefaulu. Nilikuwa msichana, nimepanda nyuma, tunarudi kutoka Morogoro. Kila tulipofika kwenye msitu wa makaburi ya ukoo wetu, kaka alikuwa akizima injini, tunashuka, tunaisukuma kimya mpaka ng'ambo. Siku hiyo akacheka. "Leo ina cheti, Sesi. Tunapita."

Katikati ya miti ikazima yenyewe. Tukashuka, tukaanza kuisukuma. Ilikuwa nzito, Festo, kama imepakia mtu. Nikatazama kiti changu, kimebonyea, na mimi niko chini nasukuma. Tulipovuka mti wa mwisho, kiti kikainuka taratibu, pikipiki ikawa nyepesi, ikawaka kwa kiki moja. Hatukugeuka nyuma.

Kaka aliiendesha mpaka uzeeni, haikumwangusha. Mkaguzi hakukosea, ila yeye alikagua pikipiki, njia hakuikagua.

Basi ipande, uje umwone mtoto. Ukifika pale msituni, zima mwenyewe. Usingoje kuzimiwa.

Bibi yako,
Sesilia