Sahani ya Melamini Haikubali Kisu cha Moto

Jumapili, Manundu. Manyunyu tangu alfajiri, nguo za kazini zinanuka unyevu, na moyo wangu mzito.

Nilipanga kutumia siku nzima kuandaa somo la kesho la kidato cha sita: polima na makundi yake. Sikufika ukurasa wa pili. Baba alipiga hodi.

Amekuja kutoka Handeni kwa gari la asubuhi, bila hata kunipigia simu. Tangu tumzike Mama alikuwa hajatoka nyumbani. Nilimwamkia, akaitika "Marahaba, mama," akakaa, akakataa chai. Amekonda jamani, kola ya shati imemzidi shingo. Mdogo wangu Zaina, anayekaa naye, alishaniambia kwamba mzee hali. Anamega matonge mawili, anasukuma sahani.

Kwapani alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kanga ya Mama. Akafungua. Ilikuwa sahani yao ya melamini, nyeupe, yenye maua ya samawati yaliyofifia. Imepasuka vipande viwili, na pale ilipopasuka imeungua, nyeusi tii.

Baba na Mama walikula kwenye sahani hiyo kila jioni, wawili tu. Sisi watoto tulikuwa na sinia letu jikoni; kwetu mtoto wa kike hali sahani moja na baba yake. Mama alikuwa hagusi kitoweo mpaka Baba amsogezee upande wake kwa kidole. Tukiwachungulia, tulikuwa tunacheka.

Ilianguka siku ya kuondoa tanga, kumaliza msiba, watu wakiosha vyombo. Hakuna aliyejitaja.

Sasa, Baba ni mtu wa viraka. Kwake ndoo haitupwi wala beseni halitupwi. Anapasha kisu kwenye mkaa, anayeyusha kipande cha plastiki nyingine, anapaka penye ufa, anasawazisha. Beseni letu la kijani lina kiraka chekundu tangu nikiwa darasa la tatu na mpaka leo halivuji. Basi na sahani akaifanyia hivyo hivyo. Ikatoa moshi na harufu ya samaki aliyechina, lakini haikuyeyuka.

"Nimeiunguza mwenyewe," aliniambia. "Mimi nilizidisha moto. Wewe umesomea haya mambo, nirudishie."

Nimesomea, ndiyo. Na hapo ndipo nilipoumia.

Darasani haya nayasema kwa Kiingereza, harakaharaka, mtihani unatukimbiza. Leo nimeyasema kwa lugha ya nyumbani, kwa mtu aliyemalizia ujana wake kwenye shamba la mkonge. Nilimwambia kila plastiki ni minyororo mirefu ya vitu vidogo mno vilivyoshikana. Kwenye ndoo, minyororo imelala ubavu kwa ubavu kama nyuzi za katani kwenye mzigo. Mingine imenyooka, mingine ina matawi, lakini haikufungwa pamoja. Ukiipa moto inateleza, ikipoa inatulia tena, na mwakani unaweza kurudia. Sahani hii ni wavu. Imefungwa mafundo kila upande, na mafundo yalifungwa mara moja tu, kiwandani, kwenye joto. Moto wa pili hauyalegezi. Unayaunguza.

Akauliza yanafungwaje. Nikamwambia plastiki ya ndoo vile vitu vyake vidogo vinaungana tu, hakuna kinachopotea. Lakini hii, kila viwili vikishikana, kuna kitu kidogo kinatoka na kwenda zake, mara nyingi maji.

"Kama ndoa," akasema. "Mama yako aliacha mto kwao Hale, akaja kuchota maji ya lambo Handeni."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Halafu akauliza kama angepunguza moto ingekuwaje. Nikamwambia ni yale yale, Baba, hakuna fundi wa kuiyeyusha hii, hata mimi siwezi. Hapo akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini. Alijifunika uso kwa kanga ile na mimi nikabaki nimeshika vile vipande, sijui niviweke wapi. Nikasema naweza kuiunga kwa gundi, atundike ukutani, ila chakula cha moto asiweke.

"Sahani si ya kutazama," akasema.

Mchana nilipika ugali na perege wa Mto Pangani. Nilisimama jikoni muda na mwiko mkononi. Nikimpakulia peke yake, ataisukuma sahani, najua. Mwishowe nikapakua sahani moja, nikanawa, nikaketi mkekani mbele yake. Nilikuwa naogopa kama mtoto. Nilidhani ataniuliza hii ni adabu ya wapi.

Aliniangalia. Kisha akasema bismillahi, akamega.

Nilikula ugali mkavu upande wangu, samaki sikumgusa. Baba akala tonge moja, la pili, la tatu. Halafu kidole chake kikausukuma mnofu mpaka kwangu, macho yake yako dirishani. Ndipo mkono ukasimama katikati ya sahani. Alijua alichokifanya, na mimi nilijua.

"Kula, mama," akasema.

Nikaula. Sikumbuki ladha yake. Tulimaliza chote.

Sasa amelala kochini, kanga iko kifuani. Kesho nahitaji mfano wa kitu kisichoyeyuka mara ya pili. Nitabeba swichi mbovu ya ukutani. Sahani ile haiingii darasani kwangu.

Ila keshokutwa anarudi Handeni. Nani atakaa upande ule mwingine wa sahani? Ni Zaina tu, na Zaina atasema haiwezekani, anaona aibu. Nitampigia kabla Baba hajapanda gari. Nitamwambia anawe mikono, akae, kitoweo asikiguse mpaka asogezewe.