Kitambaa Cheusi Bandarini Antibes

Silver Spring, Juni 2004

Shemeji Nyamhanga,

Habari za huko Musoma? Huku mchicha wangu wa kwenye ndoo umeota vizuri.

Ndiyo, mwanamke wa kwenye picha ni mimi. Bibi ninayemuuguza alikwenda Ufaransa kuangalia boti za matajiri katika bandari kongwe ya Antibes, nikamsindikiza. Pale gatini nilivua kitambaa cheusi cha msiba wa kaka yako, mwaka haujaisha, nikajifunga chekundu alichoninunulia Method mwenyewe.

Unasema mjane anayevua nguo ya msiba mapema humletea mkosi mwanamume atakayemrithi. Najua, shemeji. Ndiyo maana nilivua, nikaomba nipigwe picha, nikahakikisha inakufikia.

Ni mimi, mke wa Method mpaka leo,
Vaileth